Kompyuta Imekataa Kuwaka: Usichome Mzinga kwa Sababu ya Siafu

Mambo haya yalitokea Busunzu, katika Wilaya ya Kibondo, Mkoa wa Kigoma, nami nilikuwapo nikayaona kwa macho yangu. Nimeona yafaa niyaandike, maana siku hizi kompyuta zimeingia mpaka vijijini, na taabu iliyompata mwenyeji wangu yaweza kumpata ye yote kati yetu.

Mwenyeji wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, tena ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Wanachama wake ni wakulima wa mihogo na maharagwe, na wachache ni wafuga nyuki. Kila juma huleta fedha zao. Wengine hukopa, wengine hulipa, na mwisho wa mwaka hugawana faida. Zamani hesabu zote ziliandikwa katika daftari kubwa, na kila mwanachama alikuwa na kitabu chake kidogo cha kugongwa mhuri. Kisha Mwalimu akanunua kompyuta ya mkononi iliyokwisha tumika, akazihamishia humo hesabu zote, daftari akaliweka juu ya kabati, na ile kazi ya kugonga mhuri ikaachwa. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipoanza.

Juma moja kabla ya siku ya kugawana, Mwalimu alichukua flashi akaenda mjini kupiga chapa orodha ya wanachama kwenye duka la steshenari. Aliporudi akaichomeka katika kompyuta yake, na lo! kila faili lilikuwa limegeuka kuwa njia ya mkato yenye kimshale kidogo pembeni. Akabonyeza moja, likakataa. Akabonyeza la pili, likakataa nalo. Tangu saa ile kompyuta ikawa nzito kama gari lililokwama topeni. Kijana mmoja wa jirani akamletea programu ya kuua virusi aliyopewa na rafiki yake, ambaye naye hakujua ilikotoka. Mwalimu akaipokea kwa shukrani, akaiweka. Asubuhi yake alipowasha kompyuta, ilionekana alama ya kampuni, vidoa vikazunguka kidogo, kisha giza. Akazima, akawasha tena. Vile vile.

Habari za namna hii hazifichiki. Jioni ile alikuja mama mmoja mzee, mwanachama wa tangu mwanzo.

"Shikamoo, mama," Mwalimu akamwamkia.

"Marahaba, Mwalimu. Nimesikia kompyuta imekula hesabu zetu. Mimi kompyuta siijui. Ninalojua ni kwamba nilileta fedha kila juma, hata juma lile nilipokuwa nikiuguza mjukuu. Je, nitahesabiwa?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Tena mama huyu alikuwa afadhali, kwa kuwa alikuja kuuliza. Wengine hawakuuliza, walinong'ona tu kisimani na njiani, na maneno yaliyonong'onwa hayakuwa mazuri. Mtu mwaminifu wa miaka mingi aweza kuitwa mwizi kwa siku tatu, ikiwa hana karatasi ya kuonyesha.

FUNDI ASHAURI KUFUTA YOTE

Kesho yake tulikwenda mjini kwa fundi mmoja. Aliitazama kompyuta kwa dakika chache akasema, "Hii ina virusi. Tutapiga Windows upya, na jioni utaichukua."

"Na hesabu zangu?" Mwalimu akauliza.

"Hizo zitafutika, Mwalimu. Kwani huna kopi?"

Hakuwa na kopi. Akaichukua kompyuta yake, tukarudi nayo.

Watu wa Kibondo ni wafuga nyuki hodari, nao wajua jambo hili: siafu wakiuvamia mzinga, mwenye mzinga hauchomi moto. Hutafuta njia waliyopitia akaikata, akawaondoa siafu, akaiokoa asali. Kumbe hata katika kompyuta ni vivyo hivyo. Kupiga Windows upya huwaondoa siafu, ndiyo, lakini mara nyingi asali huteketea pamoja nao.

Bahati njema, binti wa mdogo wake Mwalimu alikuwa nyumbani likizoni, naye anasomea mambo ya kompyuta chuoni. Alisikiliza mambo yote kwanza, kisha akasema, "Baba mkubwa, usikubali ifutwe. Kilichoharibika yaonekana ni mlango. Vyombo vya ndani huenda bado vimo. Tutoe vyombo kwanza, ndipo tuufundi mlango." Mimi nikaketi kando na kalamu yangu, nikaandika kila alilolifanya.

VIRUSI VYA KOMPYUTA NI KITU GANI?

Yafaa kwanza tuelewe adui mwenyewe. Virusi vya kompyuta si vijidudu vyenye uhai, wala havitokani na vumbi au unyevu. Ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtu, yenye tabia ya kujificha na kujinakili kutoka chombo kimoja hadi kingine bila ridhaa ya mwenyewe.

Virusi vya kwanza kuenea katika kompyuta za jamii hii tunayoitumia vilitoka Lahore, nchini Pakistan, mwaka 1986. Viliitwa Brain, na walioviandika ni ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi. Vilijificha mahali pale pa sahani laini ambapo kompyuta husoma kwanza inapowashwa. Mwaka 1998 vikatokea vingine viitwavyo CIH, vilivyoandikwa na Chen Ing-hau wa Taiwan. Tarehe 26 Aprili 1999 viliamka po pote vilipokuwa vimelala, vikajaza takataka mwanzoni mwa diski, na katika mashine nyingine vikafuta hata maagizo ya kuwashia yaliyomo ndani ya mashine yenyewe. Tena tarehe 27 Juni 2017 virusi vya NotPetya vilianzia Ukraine vikaenea duniani. Kampuni ya meli ya Maersk ililazimika kuweka upya kompyuta 45,000 na seva 4,000.

Sisi wenyewe tulichelewa kuzizoea mashine hizi. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katazo hilo lilidumu miaka mingi. Si ajabu basi kwamba wazazi wengi hawakukua nazo, na leo wanategemea kila neno la fundi.

JE, NI VIRUSI KWELI?

Si kila homa ni malaria, na si kila kompyuta isiyowaka ina virusi. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta zipatazo milioni 8.5 ulimwenguni zilikataa kuwaka kwa siku moja. Ndege hazikuruka, na hospitali zilikwama. Watu wengi walidhani ni virusi. Kumbe lilikuwa kosa katika nyongeza ya programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike. Yaani mlinzi mwenyewe ndiye aliyefunga mlango!

Basi binti yule alianza kwa kupima, kama mganga apimavyo kabla ya kutoa dawa:

Kama hakuna taa wala sauti yo yote, tatizo ni umeme, chaja au betri. Mkoa wa Kigoma ulitegemea mitambo ya dizeli kwa miaka mingi, na gridi ya taifa ilianza kuufikia mwaka 2022. Chaja nyingi zimeungua kwa umeme unaopanda na kushuka.

Kama taa zinawaka na mashine inalia mlio mfupi mfupi huku kioo ni cheusi, mara nyingi kumbukumbu imelegea mahali pake au imeingia vumbi.

Kama inasema kwamba haioni diski, yawezekana diski imekufa au waya wake umelegea. Ikilia kwa kukwaruza, izime mara moja usiiwashe tena, kwa maana kila ukiiwasha waongeza hasara.

Kama inaonyesha alama ya kampuni, inaanza kupakia Windows, kisha inazima au inaanza tena, hapo programu zimeharibika, na virusi vyaweza kuwa ndio sababu.

Tena kuna jambo dogo linalowasumbua wengi: flashi iliyosahauliwa ubavuni. Baadhi ya kompyuta huanza kutafuta maagizo ya kuwashia ndani ya flashi hiyo, zikiyakosa husimama. Kwa hiyo kwanza chomoa kila kitu, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika mashine ikiwa haina umeme, kisha jaribu tena.

Kompyuta ya Mwalimu ilikuwa ya namna ile ya mwisho, inayoanza kupakia Windows kisha inaingia gizani. Ikakumbukwa na ile programu ya jirani. Sasa kazi ikaanza.

HATUA ALIZOZIFUATA

1. Aliandaa flashi mbili za uokoaji. Hakuzitengeneza katika kompyuta iliyougua, la hasha. Alikwenda mjini kwa mtu mwenye kompyuta safi na intaneti nzuri. Katika flashi ya kwanza, yenye gigabaiti 8, aliweka Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux usiolipiwa. Katika ya pili aliweka diski ya uokoaji ya Kaspersky, nayo ni bure pia. Alitumia programu ndogo iitwayo Rufus. Angalia sana: flashi ikiandaliwa hivi, vyote vilivyokuwamo hufutika.

2. Aliwasha kompyuta kwa kutumia flashi, bila kuigusa Windows. Virusi vinavyoishi katika Windows haviwezi kufanya kazi Windows ikiwa imelala. Mara tu alipowasha, alibonyeza kitufe cha kuchagua njia ya kuwashia. Kwa mashine nyingi za Dell na Lenovo ni F12. Kwa HP ni F9. Kwa Asus ni Esc. Ubuntu ilipofunguka ilimwuliza kama anataka kuijaribu tu au kuisimika. Alichagua kuijaribu. Ndugu msomaji, usikosee hapa: ukichagua kuisimika, waweza kuifuta diski nzima kwa mkono wako mwenyewe.

3. Alitoa hesabu kwanza. Alichomeka diski ya nje, akafungua diski ya kompyuta, na faili zote zikaonekana! Hata zile za flashi zilizokuwa zimegeuka vimshale zilikuwamo nzima. Virusi vilikuwa vimezificha tu kwa Windows, na Linux haijali alama hiyo ya kufichwa. Alinakili hesabu, barua na picha peke yake. Programu hakuzigusa, wala faili zenye mwisho wa exe, scr, vbs na lnk, maana huko ndiko siafu hupenda kujificha. Mwalimu alipoiona orodha ya wanachama wake kwenye kioo alinyamaza kimya, akatoka nje kidogo, kisha akarudi.

Wenye kompyuta mpya wajue jambo moja. Nyingi kati ya hizo hufungwa diski kwa kufuli la siri, na hazifunguliwi bila ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Utafute na kuuandika kabla hujaugua, si baada.

4. Alisaka virusi. Sasa aliwasha kwa flashi ya pili, akaiunganisha na intaneti ya simu ili orodha ya virusi iwe mpya, akaiacha ikague diski yote. Kazi hii ilichukua usiku kucha, na chaja haikuchomolewa. Asubuhi tulikuta imewakamata wengi, pamoja na ile programu ya jirani: haikuwa dawa hata kidogo, bali ugonjwa uliovaa koti la mganga.

5. Alitengeneza mlango. Kompyuta ilikuwa bado inaingia gizani. Aliizima kwa nguvu mara tatu mfululizo wakati inapoanza kupakia, na hapo Windows yenyewe ikafungua ukurasa wa matengenezo. Akaijaribu njia ya kurekebisha kuwasha, ikashindwa. Akarudi akachagua mipangilio ya kuwasha, na orodha ilipotokea akabonyeza tarakimu 4, ambayo huiwasha Windows katika hali ya usalama, yaani na vitu vya lazima tu. Ikawaka! Akaondoa mabaki ya ile programu ya udanganyifu, akazima, akawasha kama kawaida. Vidoa vikazunguka, na safari hii picha ya watoto wa Mwalimu ikatokea kiooni.

"Na kama ingekataa?" nikamwuliza.

"Ingekataa, tungepiga Windows upya, na wala nisingesikitika," akajibu. "Fundi hakukosea dawa, alikosea zamu. Ukitoa watoto nje kwanza, nyumba waweza kuijenga tena."

6. Alifunga njia ya siafu. Flashi ya Mwalimu ilisafishwa. Maneno ya siri ya barua pepe na ya fedha za simu yakabadilishwa kutoka kwenye simu ya binti, kwa kuwa virusi vingine huiba maneno ya siri kabla hata hujajua. Kisha Mwalimu alimpelekea habari mwenye duka la steshenari, bila ugomvi, ili wateja wengine wasiumie. Yule naye alishukuru, kwani hakujua.

Neno moja zaidi. Wako wadudu wengine ambao hawazifichi faili bali huzifunga kwa kufuli, kisha huandika barua kiooni wakidai fedha. Usikimbilie kulipa, kulipa hakukuhakikishii kufunguliwa, na kunawatia nguvu wezi. Mwaka 2016 polisi wa Ulaya pamoja na wenzao walianzisha mradi uitwao No More Ransom, unaotoa bure funguo za baadhi ya kufuli hizo. Nchini kwetu, tangu mwaka 2015 ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao, na kuharibu kwa makusudi habari zilizomo katika kompyuta ya mwenzako ni kosa la jinai.

SIKU YA KUGAWANA

Siku ya mkutano ilifika. Mwalimu alikuja na kompyuta mkono mmoja, na karatasi zilizopigwa chapa mkono wa pili. Alieleza mambo yote bila kuficha: jinsi alivyoliacha daftari, jinsi alivyoipokea programu asiyoijua, jinsi hesabu zilivyookolewa. Malipo ya juma la mwisho alikuwa hajayaingiza. Wale wawili waliohesabu fedha siku ile walisimama wakayataja, na kila aliyetajwa akakubali. Majina yakasomwa moja moja. Lilipofika jina la yule mama mzee, zilisomwa fedha za kila juma, hata za juma lile alipokuwa akiuguza mjukuu. Mama akatikisa kichwa kwa kukubali, wala hakusema neno.

Kikundi kikaamua mambo manne, nami nayaandika hapa kwa faida ya vikundi, shule na nyumba zenye kompyuta:

Kwanza, hesabu ziwe na nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika diski inayokaa nyumba nyingine, na moja katika karatasi. Diski ya nakala isiachwe imechomekwa, kwa maana virusi vikija vitaila nayo.

Pili, flashi ya kupelekea kazi dukani iwe peke yake, isichanganywe na ya kuhifadhia hesabu. Ikirudi kutoka dukani ikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Afadhali zaidi ni kutuma kazi kwa barua pepe.

Tatu, programu isipokelewe kutoka kwa mtu asiyejua ilikotoka, hata akiwa rafiki. Windows 10 na 11 zina mlinzi wake ndani, asiyelipiwa. Kinachotakiwa ni kumpa nyongeza zake. Lakini wenye Windows 10 wakumbuke kwamba Microsoft ilikoma kuitunza kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Waulize kama mashine yao yaweza kupokea Windows 11, au wahamie Linux.

Nne, mhuri urudi katika vitabu vya wanachama.

Jambo hili la nne lilitolewa na yule mama mzee. Alisimama mwisho kabisa, watu wakiwa wameanza kukunja mikeka. "Mwalimu," akasema, "sikukatazi kompyuta yako, maana leo imenihesabia vyema. Lakini na lile daftari juu ya kabati ulishushe."

Mwalimu akacheka, na mkutano wote ukacheka naye. Jioni ile tulilishusha, tukapangusa vumbi, akaanza kuandika.